Saa ya Kungoja ni ya Nani?

Liko swali ambalo wengi hulipita upesi kwa kuwa laonekana dogo: mtu akiwekwa mahali angoje, saa zile za kungoja ni za nani? Nimeliwaza sana tangu nilipopata habari za wauguzi wa Marekani wawatiao wagonjwa dawa nyumbani kwao. Nao wana wa nchi zetu wamo katika uuguzi wa huko.

Kazi yao ni hii. Mgonjwa asiyehitaji kulala hospitali, lakini ahitajiye dawa ya kupita katika mshipa wa damu, hupelekewa dawa hiyo nyumbani, na mwuguzi humfuata kuitia. Dawa nyingine hazikubali haraka. Zile za kuongeza kinga ya mwili huanza kushuka polepole sana, na huweza kuchukua saa nne au zaidi. Muda huo mwuguzi hukaa karibu, apime mapigo ya moyo na msukumo wa damu, aangalie kama ngozi yavimba au pumzi yabana. Apitaye dirishani angesema, "Yule ameketi tu." Kumbe kuketi kule ndiko kazi yenyewe.

Sasa ujira. Wako walipwao kwa saa. Hao, zikizidi saa 40 katika juma, sheria ya mwaka 1938 huwapa kwa kila saa iliyozidi ujira wa saa moja na nusu. Wako walipwao kwa kila nyumba waliyoingia, kiasi kimoja, dawa ikawie isikawie. Na wako ambao hawaitwi waajiriwa kabisa, huitwa watu wa kujitegemea. Jina hilo lina heshima masikioni, tena lina gharama. Mwajiriwa hukatwa 7.65 katika kila mia ya mshahara kwa ajili ya malipo ya uzeeni na matibabu ya wazee, na tajiri wake hutoa kiasi kile kile. Ajitegemeaye hutoa sehemu zote mbili, yaani 15.3. Petroli ni juu yake. Na mgonjwa akipelekwa hospitali ghafula, safari ikafutwa, hasara yaweza kumwangukia yeye.

Je, ni dhuluma? Sisemi hivyo upesi. Mwuguzi achaguaye wagonjwa wake, apatanaye bei, awezaye kukataa bila kuadhibiwa, huyo kweli ni bwana wa kazi yake, na wengine huipenda hali hiyo kwa sababu ya watoto wao wadogo. Lakini akipangiwa nyumba, saa, bei, hata namna ya kuandika taarifa, amejitegemea katika nini? Mwaka 1947 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua neno la watu waliotoa mifupa katika nyama kwenye kiwanda kimoja cha Kansas. Kiwanda kilidai kwamba walikuwa wenye kujitegemea, nao walilipwa kwa uzito wa nyama. Mahakama iliitazama kazi yenyewe jinsi ilivyofanyika, ikawahesabu kuwa waajiriwa.

Liko jambo linisumbualo kuliko fedha. Mwuguzi alipwaye kwa nyumba ana nyumba nyingine mbili zinazomngoja. Dawa yashuka polepole, na kila dakika akaayo kitandani pa mgonjwa huyu yapunguza chakula cha watoto wake. Hukaa, maana ni mwaminifu. Lakini aliyepanga ujira ule ameweka mkate wa mmoja kushindana na uhai wa mwingine, kisha yeye mwenyewe hayupo chumbani.

Nami nisiwahukumu watu wa mbali. Nilipata kumwita fundi apake chokaa nyumba yetu, tukapatana malipo kwa chumba. Nilimwambia aje alfajiri. Chokaa, ambayo ilikuwa juu yangu kuileta, haikufika mpaka saa nane, naye alikaa chini ya mwembe asiweze kwenda penginepo. Jioni nikamlipa chumba kimoja, maana ndicho alichopaka, nikajiona mwenye haki. Hakunidai neno. Mwaka uliofuata nilipomwita tena, aliuliza kwanza kama chokaa imekwisha kufika.