Hiyo ya Uzima Hukuituma: Tafakari ya Kufunga Mwaka 2024



Noeli imepita, leo ni Jumatatu tarehe 30 Desemba, na hapa kwetu Chiwata wengi tumeshika majembe. Jana, Sikukuu ya Familia Takatifu, majimbo yamefungua Mwaka wa Jubilei, baada ya Baba Mtakatifu Fransisko kufungua Mlango Mtakatifu kule Roma tarehe 24. Tumeitwa Mahujaji wa Matumaini. Sasa hujaji kabla hajatoka anakagua mzigo wake. Hiki nibebe, hiki nikiache.

Basi juzi usiku nilikaa barazani nikaanza kukagua mzigo wangu. Nilichukua simu, nikafungua kundi letu la VIWAWA, nikarudi nyuma taratibu mpaka Januari. Jamani, mwaka mzima umo humo! Kuna AFCON ya Ivory Coast, Taifa Stars wanafungwa na Morocco mabao matatu. Kuna Jumatano ya Majivu iliyoangukia tarehe 14 Februari, siku ya wapendanao, na utani wote tulioufanya. Kuna kimbunga Hidaya cha mwezi Mei, barabara ya Kusini imekatika kule Somanga na mabasi yamekwama. Kuna minada ya korosho ya Oktoba, kilo imevuka shilingi 4,000, watu wanarusha picha za pikipiki mpya. Kuna ghorofa la Kariakoo. Kuna kimbunga Chido, juzi tu hapo, ng'ambo ya Ruvuma.

Nilivyoendelea kusoma nikaona aibu kidogo. Mambo yote hayo yalipita kwenye kidole changu gumba kwa mwendo uleule. Kifo sekunde tatu, goli sekunde tatu, kichekesho sekunde tatu. Nikajiuliza: katika habari zote hizi, ni ipi iliyonifika kweli?

Niwaambie moja iliyonifika. Si ya kujisifia.

Jumamosi tarehe 16 Novemba jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo. Mnajua wenyewe, Kariakoo si mbali na sisi. Ni mbali kwa kilomita, lakini kila nyumba ya huku ina kijana wake kule, anauza viatu, anabeba mizigo, anasaidia dukani. Siku ile simu zilikuwa hazipoi. Mchana ikanifikia picha ya kijana amejaa vumbi, amebebwa. Aliyenitumia aliandika kwamba ni mtu wa kwetu, mtoto wa mama fulani wa jumuiya. Niliitazama, nikaona kama anafanana. Nikaituma kwenye kundi na maneno "apumzike kwa amani". Sikumpigia mtu yeyote. Sikuuliza. Niliona nimefanya jambo jema, nimewajulisha wenzangu.

Picha ile ilitoka kwenye kundi letu ikaenda kwenye kundi jingine, mpaka ikafika kwa binti wa yule mama. Mama alikuwa shambani anaokota korosho. Aliletwa nyumbani akiwa ameshikwa huku na huku. Kabla jua halijazama mikeka ilikuwa imeshatandikwa uani, kina mama wa WAWATA wamekuja, daftari la rambirambi limefunguliwa. Presha ya mama ikapanda, akalazwa chini anapepewa kwa kanga.

Usiku wa manane simu ya binti ikaita. Ni kaka yake. Mzima kabisa! Siku ile alikuwa mtaa mwingine, simu ilimzimikia chaji, naye alishinda akisaidia kubeba majeruhi.

Mimi nilipata habari hiyo Jumapili asubuhi kabla ya Misa. Nikapumua. Halafu nikanyamaza. Niliona haya kwenda kwa yule mama, nikasema nitakwenda kesho. Kesho ikawa Jumatatu, Jumatatu ikawa Jumanne. Na Jumanne tarehe 19 unakumbuka kulikuwa na nini. Stars na Guinea, uwanja wa Mkapa. Msuva akafunga, tukafuzu AFCON ya 2025, na mimi nikiwa kwenye kibanda cha video nashangilia mpaka sauti ikakauka. Kariakoo walikuwa bado wanahesabu watu wao.

Jumatano nikaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, vuta kigoda."

Alikuwa anabangua korosho, mikono imeungua kwa mafuta ya maganda kama ilivyo mikono ya mama zetu msimu huu. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kuomba radhi. Ile picha, aliyeituma kwenye kundi ni mimi."

Akanyamaza. Akabangua moja, akabangua ya pili. Halafu akaniuliza, "Na kwamba mwanangu ni mzima, ulijua lini?"

"Jumapili asubuhi, mama."

"Na hiyo uliituma?"

Sikuwa na jibu.

"Ya kifo uliituma mchana huohuo," akasema. "Hiyo ya uzima hukuituma." Alisema bila hasira, ndiyo maana iliuma zaidi. Kisha akaongeza, "Na yule wa kwenye picha, si naye ana mama?"

Vijana wenzangu, mimi nimesikia mahubiri mengi mwaka huu, kanisani na Radio Maria. Hakuna lililonikaa kama lile.

Keshokutwa, tarehe 1 Januari, Sherehe ya Maria Mtakatifu Mama wa Mungu, tutasoma Luka 2:16-21. Wachungaji wa kondoo wamepewa habari usiku, kubwa kuliko habari zote. Angalia walivyofanya. Kwanza walisikia. Pili wakanyanyuka, wakaenda kwa miguu yao kuona, wakamkuta Mtoto amelala horini. Tatu, baada ya kuona, ndipo wakaanza kusimulia. Sisi tumeruka hatua ya pili. Tunasikia, tunasimulia. Kwenda hatuendi. Na asiyekwenda hajui anachosimulia, hata kama kina picha.

Halafu kuna Mama Maria. Luka anasema kwamba yeye aliyatunza mambo yale, akawa anayatafakari moyoni. Maria hakuwa mtu wa kukaa kimya tu. Huyu ndiye aliyepanda milima kwenda kwa Elizabeti mara alipopata habari. Lakini alijua kwamba kuna neno ambalo lazima likae kwanza ndani, liive, ndipo litoke. Neno likitoka bichi linaumiza watu.

Swali la kwanza la kufunga mwaka ni hilo basi: habari zilizonipitia mwaka 2024 nimezifanyia nini?

Swali la pili ni la sadaka, maana habari iliyofika moyoni haikai bure, inashuka mikononi.

Hapa pia nina deni. Kwaresima tulikwenda kuwatembelea wazee, tukawapelekea sabuni na sukari. Jambo zuri, wala nisilidharau. Lakini nakumbuka bibi mmoja ambaye tulimpa sabuni, akashukuru, akaenda kuiweka ndani. Tukamwita arudi nayo nje kwa sababu picha ya kwanza ilitoka na kivuli. Akarudi, akaishika tena, tukampiga picha. Juzi nilipoiona picha ile nikamtazama bibi usoni. Hatazami sabuni, hatutazami sisi, anatazama chini. Yesu katika Mathayo sura ya 6 anataka mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kuume. Sisi tuliujulisha mkono wa kushoto, tukaujulisha na ulimwengu mzima.

Na mwezi huu Chido imepiga Cabo Delgado tarehe 15. Zaidi ya watu 100 wamekufa Msumbiji, na watu wa kule tayari walikuwa wamechoka na vita tangu mwaka 2017. Wale si wageni kwetu. Ruvuma ni mto tu; ng'ambo kuna Wamakonde, kuna Wamakua, kuna wajomba na shangazi zetu. Nilipoweka tangazo la mchango kwenye kundi, majibu ya "Amina" na "Poleni sana" yalimiminika. Michango ilihesabika kwa vidole vya mikono miwili, tena mwaka ambao korosho imelipa. Sisemi kwa kuwahukumu. Mimi mwenyewe nilitoa baada ya kukumbushwa.

Lakini nimeona pia sadaka ya kweli mwaka huu. Ile rambirambi iliyokuwa imekusanywa kwa yule mama, shilingi elfu arobaini na kitu, alikataa kuigusa. Wanajumuiya wakasema wairudishe. Mama akasema, "Msiirudishe, ina mwenyewe." Kiasi wakatolea nia ya Misa kwa marehemu wa Kariakoo, hasa yule kijana wa kwenye picha ambaye hakuna anayemjua jina. Kilichobaki ikawa nauli ya mzee mmoja jirani aliyekuwa ameshindwa kwenda hospitali ya Ndanda kutazamwa macho. Hakuna picha hata moja. Pesa ya msiba ambao haukuwepo ilimwombea mfu na ikamsafirisha aliye hai. Kama hiyo si Injili, basi mimi sijui Injili ni nini.

Na usiseme huna pesa. Kwenye uwanda huu wa Makonde unajua thamani ya maji. Dumu moja la maji ukalitua mlangoni kwa bibi asiyeweza kwenda kuchota, ukaondoka bila kupiga simu wala picha, hiyo ni sadaka inayosikika mbinguni.

Swali la tatu ni burudani. Hapa najua mnasubiri niwaambie mpira ni dhambi. Hapana! Yesu alikwenda harusini Kana, na divai ilipoisha hakusema sherehe ivunjwe. Tarehe 21 Januari, Msuva alipowafunga Zambia, sisi tuliobanana kibandani tulikumbatiana na watu ambao kesho yake hatusalimiani. Zambia waliposawazisha mwishoni tuliumia pamoja. Furaha ya namna hiyo Mungu hana ugomvi nayo. Ngoma zetu, nyimbo za kwaya, vichekesho, vyote vinaweza kuwa pumziko la mtu aliyefanya kazi.

Hatari ni pale burudani inapogeuza kila kitu kuwa burudani, hata msiba wa mtu. Ukweli ni kwamba ile picha sikuituma kwa huruma peke yake. Nilitaka kuwa wa kwanza. Kulikuwa na utamu ndani yake, na utamu huo nimeuungama. Hatari nyingine ni mikeka. Kuna mkeka wa msibani, unakaa na waliofiwa, unanyamaza nao. Na kuna mkeka wa kubeti, unakaa peke yako na simu, unapoteza pesa ya salfa ya msimu ujao. Kijana jiulize, mwaka huu umekaa zaidi kwenye mkeka upi?

Jumatano ileile nilipokwenda kwa mama, tarehe 20 Novemba, Baba Mtakatifu alitangaza kwamba Mwenyeheri Carlo Acutis atatangazwa mtakatifu katika Jubilei hii, mwaka 2025. Huyu ni kijana wa zama zetu, alifariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 tu, kwa saratani ya damu. Alipenda kompyuta, alipenda michezo ya video, akajiwekea kipimo cha saa moja kwa wiki. Ujuzi wake wa kompyuta akautumia kukusanya na kuonyesha miujiza ya Ekaristi. Kifaa alikuwa nacho kama sisi. Tofauti ni kwamba yeye alikitawala.

Kwa hiyo tunapovuka kwenda 2025, mimi nimejiwekea mambo matatu, na nakualika. La kwanza, habari ya msiba au ya aibu ya mtu sitaituma kabla sijapiga simu au kwenda, na kama siwezi kufanya hivyo, nitamwombea na kunyamaza. La pili, kila mwezi tendo moja la huruma lisilo na picha. La tatu, nikipata habari njema ya mtu, amepona, amepatikana, amepatana na mwenzake, hiyo nitaituma siku hiyohiyo. Neno Injili maana yake ni Habari Njema, na sisi tuliobatizwa ndio watumaji wake.

Yule kijana alirudi Chiwata wiki iliyopita kula Noeli na mama yake. Nilimwona kanisani, kashika kitabu cha nyimbo, anaimba. Nikampiga picha moja, kwa ruhusa yake, nikaituma kwenye kundi na maneno matatu: "Huyu ni mzima." Nilichelewa zaidi ya mwezi mzima, lakini nimeituma.

Tusali: Ee Mungu Baba yetu, tunakushukuru kwa mwaka 2024, kwa vilio vyake na vicheko vyake. Wapokee waliokufa Kariakoo, na waliokufa kwa vimbunga huku na ng'ambo ya Ruvuma. Wafariji mama zao. Utusamehe tulipobeba habari za watu bila kubeba watu wenyewe. Mama Maria, wewe uliyetunza neno moyoni, utufundishe kusikia, kwenda, na ndipo kusema. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Heri ya Mwaka Mpya, vijana wenzangu, na Jubilei njema!