Zana ya bei rahisi: Nani anayelipa?

Wapo wanaosema rahisi ni ghali. Usemi huo una ukweli, lakini si hukumu ya kila zana. Uislamu umekataza israfu. Anayepigilia misumari nyumbani kwake mara mbili kwa mwaka hahitaji nyundo ya bei kubwa.

Fundi anayelipwa ni suala jingine. Chukua pima maji. Iweke mezani, tazama kipovu kilipo, kisha igeuze mbele nyuma palepale. Kipovu kikibaki upande uleule wa meza, ni sahihi. Kikihama, inadanganya. Ukijenga nayo ukuta utakwenda upande, na hasara itamfika aliyekuamini.

Suratul Mutaffifin, ya 83, inawaonya vikali wanaopunja vipimo. Je, kipimo ni mizani ya dukani tu? Na muuzaji anayeijua kasoro akanyamaza asijione salama: Mtume (s.a.w.) alimkemea mfanyabiashara aliyeficha chakula kilicholowa chini ya kikavu.

Basi ndugu Muislamu, kabla ya kuuliza bei jiulize: zana hii ikikosea, nani atalipa? Ikiwa ni wewe, nunua uwezacho. Ikiwa ni mwenzio, ijaribu kwanza, au iache.