Rahisi ni Ghali

Mama mwenye virusi vya UKIMWI akimpeleka kliniki mtoto wake wa wiki 6, hapa Talatala, Kyela, kipimo cha bei nafuu hakimsaidii. Kipimo hicho husoma kingamwili za mama, ambazo huweza kubaki katika damu ya mtoto hadi miezi 18. Hutakiwa kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe. Fedha zake zingewapima watu wazima kadhaa. Je, ni haki?

Naona ni haki. Bila dawa, karibu nusu ya watoto walioambukizwa hufa kabla ya kutimiza miaka 2. Kungoja miezi 18 ili kuokoa fedha ni kumpima marehemu. Ila majibu yakikawia maabara, gharama yote imepotea bure: tumelipia karatasi, hatukumlipia mtoto.