Haki ya Ulimi wa Mwenzio

Msomaji, huenda siku moja ukaandika hadithi, na katika hadithi hiyo watu watasema. Mmoja atakuwa mzee wa Mombasa, wa pili hakimu, wa tatu mpishi aliyetoka bara. Kila mmoja ana ulimi wake. Hapo utajiuliza: maneno yao niyaandikeje? Swali hili huonekana kuwa la nukta na vituo tu, lakini ndani yake mna swali la haki.

Katika jambo hili alama iliyo kubwa ni ritifaa. Kiswahili kimeipa kazi mbili. Ya kwanza ni kuonyesha sauti: pasipo ritifaa, ng'oa, yaani toa kitu pamoja na mizizi yake, ingesomwa ngoa, yaani wivu. Ya pili ni kuonyesha herufi iliyoachwa. Mtu akisema upesi "n'takuja", ritifaa hukaa mahali pa i ya nitakuja. Washairi nao huitumia wanapopunguza silabi ili mizani itimie. Katika haya hamna ubaya.

Ubaya huanza alama hiyo inapowekwa mahali ambapo hapakupotea kitu. Mtu wa Mvita husema mtele, mato na ndia, ambapo mtu wa Unguja husema mchele, macho na njia. Mwandishi anayedhani kuwa Kimvita ni Kiunguja kilichovunjika ataandika mt'ele na n'dia, kana kwamba msemaji ameangusha herufi njiani. Hakuangusha kitu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipendekeza Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Haukuzigeuza lahaja nyingine kuwa makosa. Hata ng'ambo hatari hii ilionekana. Mwaka 1947 waandishi kadhaa wa Uskoti walikubaliana juu ya tahajia ya Kiskoti, wakashauri ziachwe ritifaa zilizokifanya kionekane Kiingereza kilichopungukiwa.

Tena, tazama maneno mwanangu na nduguye. Asili yake ni mwana wangu na ndugu yake. Herufi zimeachwa, wala hatuweki ritifaa, kwa sababu maneno hayo tumekwisha kuyakubali. Basi alama hii haihesabu herufi tu. Mara nyingine hutangaza nani tunamheshimu na nani tunamcheka.

Mfikirie mwandishi anayeandika kila "habali" ya mpishi, ambaye lugha ya mama yake haitenganishi l na r, lakini maneno ya hakimu huyanyosha yote yakawa sanifu, ingawa hakimu naye husema "n'takuja" kama watu wengine. Mpishi anapodai mshahara wake, msomaji hucheka, na dai la haki hupotea katika kicheko. Hapo mwandishi amedhulumu, ijapokuwa kila neno la mpishi ameliandika kama lilivyotamkwa.

Pengine utauliza: Je, wote waseme sanifu? La. Mzee wa Mombasa anayesema kama kitabu cha sarufi hana uhai, na kumnyang'anya lahaja yake ni dhuluma nyingine. Andika mtele kama wenyewe wasemavyo, bila ya alama ya kuomba radhi. Teua maneno machache, na kando ya neno geni weka mengine yatakayolifafanua. Tia ritifaa mahali ambapo sauti imeachwa kweli, na kipimo kiwe kimoja kwa hakimu na kwa mpishi. Matamshi ya mpishi ukiyataja mara moja yatosha. Baada ya hapo msomaji atayasikia mwenyewe, na sikio lake litabaki huru kusikiliza dai la mshahara.

Kisha, kabla hujampa mtu karatasi yako, jiulize: Msemaji huyu akisomewa maneno haya mbele ya watoto wake, atajitambua au atafedheheka? Akijitambua, kalamu yako imetenda haki. Akifedheheka, futa, uandike tena.