Mgeni, Jembe na Siku ya Nne

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hutumiwa kuhimiza kazi, na Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipoeleza misingi ya Ujamaa. Lakini wahenga hawakutuambia lolote juu ya siku ya nne. Aliyekwisha kupewa jembe, akafyeka, akalima na kuvuna, je, bado ni mgeni? Na kama si mgeni tena, ni nani awezaye kutamka kwamba sasa yuko kwao?

Katika nchi ya Mpanda swali hili si la kubuni. Mwaka 1972 watu wengi sana walikimbia mauaji ya Burundi wakaingia Tanzania, wakiwa hawana paa wala kiunga. Serikali haikutaka wakae miaka na miaka wakingoja chakula cha msaada. Iliwatengea ardhi: Ulyankulu huko Tabora, Katumba karibu na mji wa Mpanda, na mwaka 1978 Mishamo. Ilikuwa misitu ya miombo yenye mbung'o. Kila familia ilipewa shamba, nao wakajenga nyumba zao kwa mikono yao wenyewe; haukupita muda mrefu wakawa wanajilisha na kuuza ziada. Mwaka 1983 Mwalimu alitunukiwa Nishani ya Nansen, itolewayo na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Taifa lilistahili heshima hiyo, na sioni sababu ya kuipunguza.

Hata hivyo, tuitazame lugha yetu wenyewe. Nyumba ni kuta na paa. Makazi ni mahali watu wanapokaa, na ndilo neno la serikali: Makazi ya Katumba, Makazi ya Mishamo. Lakini Mswahili anapotaka kusema mahali anapotoka, husema "kwetu", na neno hilo ni la wingi. Mtu mmoja aweza kuwa na "kwangu", yaani chumba chake na kitanda chake. Ili awe na "kwetu", hapana budi wawepo wengine wanaokubali kwamba yeye ni mmoja wao. Mkazi wa Katumba alikuwa na nyumba, shamba na shule ya watoto wake, lakini kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Mtoto aliyezaliwa pale mwaka 1973, ambaye hakupata kuiona Burundi, aliitwa mkimbizi kama baba yake.

Mwaka 2007 wakazi waliulizwa kama wanataka kurudi Burundi au kuwa Watanzania. Kiasi cha wanne katika kila watano walichagua Tanzania, na kufikia mwaka 2010 maombi ya watu wapatao 162,000 yalikuwa yamekubaliwa. Palikuwa na sharti moja: waondoke katika makazi hayo, wakatawanywe katika mikoa mingine. Vyeti vyao vikakawia hadi mwaka 2014, sharti hilo lilipokwisha kuachwa. Katika miaka hiyo ya kati mtu alikuwa amevuliwa ukimbizi lakini hajavikwa uraia. Nani atakayepanda mwembe, au kubadili nyasi za paa kwa bati, katika nyumba aliyoambiwa ataihama?

Ni haki tuseme kwamba sharti lile halikutokana na chuki. Taifa hili lilijengwa kwa kuwachanganya watu: kijana wa Rukwa alisomeshwa Tanga, mwalimu wa Kagera akapangiwa Mtwara. Ilihofiwa kwamba watu wa asili moja wakibaki mahali pamoja watabaki taifa ndani ya taifa. Hoja hiyo ina uzito. Kosa lake, kwa maoni yangu, ni kudhani kwamba makao ni kitu ambacho mtoaji aweza kukihamisha apendavyo. Tulikwisha kulionja kosa hilo sisi wenyewe. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni lazima ifikapo mwisho wa mwaka 1976, na wananchi wengi waliacha nyuma miti ya matunda na makaburi ya wazee wao, ingawa katika kijiji kipya waliahidiwa maji na shule. Mwaka 1983 sheria ya nguvu kazi ikawasomba mijini watu walioitwa wazururaji, ikawapeleka mashambani. Wote hao walionyeshwa mahali pa kukaa. Je, waliulizwa kwao ni wapi?

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012. Kwa hiyo Katumba ni kongwe kuliko mkoa wake kwa takriban miaka 40. Vyeti vimekwisha kutolewa, na swali linabaki kwa watu wa karibu zaidi; kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia na kugawa ardhi ya kijiji. Mtoto yule wa mwaka 1973 leo aweza kuwa babu. Mjukuu wake akiomba kiwanja au shamba, atahesabiwa mwanakijiji sawa na mwingine, au ataulizwa kwanza, "Lakini kwenu hasa ni wapi?" Neno hilo "hasa" halimo katika sheria yoyote. Walimu wa Mpanda huenda wakalisikia uwanjani mwa shule, baina ya watoto, kabla halijafika barazani kwa wakubwa.