Mtungi Safi, Mtungi Twahara

Kwete, pombe ya mahindi na kimea cha ulezi inayopikwa majumbani Arua, Uganda, huzua swali: chombo kikishasuguliwa, kimetakata? Kiswahili hutenganisha usafi na utwahara. Usafi ni kazi ya mikono. Mpika pombe hukwangua mashapo, humwaga maji yanayochemka, kisha huinamisha mtungi juani hadi ukauke, kwa kuwa udongo una vitundu, na humo hujificha chachu pamoja na bakteria wanaochachusha pombe ikawa siki.

Utwahara ni hukumu, nayo hutofautiana kwa imani. Walugbara, wenyeji wa Arua, kama mwanaanthropolojia John Middleton alivyoandika mwaka 1960 katika kitabu chake Lugbara Religion, walitoa pombe kwa mizimu ya wahenga. Kwa Waislamu, ambao ni wengi Koboko, kaskazini mwa Arua, wanazuoni wengi huhesabu kileo kuwa najisi, na chombo hakina budi kuoshwa. Lakini, na hili linastahili kutafakariwa, katika madhehebu ya Shafii mvinyo uliogeuka siki wenyewe hutwaharika, pamoja na chombo chake. Hasara ya mpishi ndiyo twahara ya fakihi. Hawapingani: mmoja anaulizwa kuhusu tumbo, mwingine kuhusu ibada.