Kurudi Nyuma Nako ni Kadari

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni Zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Muislamu, ile Land Rover kuukuu unayoijua haipo tena. Ilichukuliwa na maji Jumapili iliyopita katika kijito kimoja cha njia ya Bendera, tulipokuwa tunarudi Kalemie baada ya ziara ya siku mbili. Wengi mmekuja kunipa pole, Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini kuna neno nimeambiwa mara nyingi mno juma hili: "Shehe, ni kadari tu."

Ndiyo, ni kadari. Ila sikiliza kwanza ilivyokuwa, kabla hujanifutia hesabu yangu.

Tulifika kijitoni mchana. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, maji ni mekundu, yanakwenda kasi, na chini yake unasikia mawe yanagongana. Mama mmoja mzee aliyekaa nyuma akasema, "Mwanangu, tungoje yapungue." Nikamjibu, "Mama, Mungu yupo," nikatia gia. Katikati ya maji moteri ilizimika, gari likaanza kuelea kama mtumbwi. Tulitoka sote watano tukishikana mikono, alhamdulillahi. Gari likabingirika mbele ya macho yetu.

Maji ya kasi yanayofika magotini tu yanaweza kuliinua gari na kulisukuma. Na maji ya mlimani si kama ya ziwa. Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Lukuga, kwa hiyo likijaa hukaa miezi. Tuliliona mwaka 2021, na tena 2024 lilipoingia katika nyumba za ufukweni. Kijito cha mlimani hujaa kwa saa chache na kupungua kwa saa chache. Tungeswali adhuhuri pale ukingoni, tukale mihogo yetu, tukapumzika, pengine alasiri tungevuka bila kulowa viatu. Nilikosa subira ya nusu siku, kisha nikalitumia jina la Mwenyezi Mungu kuifunika haraka yangu.

Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, aliamua kuwarudisha watu. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari yake kuiendea kadari yake. Basi nami kama ningegeuza gari, huko kugeuza nako kungekuwa kadari. Yule mama mzee na neno lake alikuwa kadari pia. Mwenyezi Mungu alinitumia onyo kwa ulimi wake, nami nikamjibu kwa sauti ya mwenye elimu.

Usinipange, basi, pamoja na ndugu zetu wa Uvira wa Aprili 2020, wala wa Kalehe wa Mei 2023, ambako watu zaidi ya 400 walifariki. Wale maji yaliwafuata majumbani mwao na sokoni. Mimi niliyafuata mwenyewe.

Mwingine ameniliwaza kwa kisa cha jahazi la maskini katika Surat Al-Kahf, lile lililotobolewa ili lisiporwe na mfalme, akasema huenda nami nimeepushwa na kubwa zaidi. Huenda. Lakini Khidhr alifundishwa ya ghaibu. Mimi na wewe hatukufundishwa, tusijitungie hekima ya mambo ili tu moyo utulie.

Kuhusu huzuni, sitakuficha: nimelilia gari. Lilibeba majeneza yetu hadi makaburini, likabeba mabibi harusi, na usiku mwingi limepeleka wenye uchungu hospitalini, mara nyingine baada ya kusukumwa na mtaa mzima. Kuna kijana aliniuliza kama inafaa shehe kulilia chuma. Masahaba nao waliumia siku ngamia wa Mtume (s.a.w.), Al-Adhbaa, aliyekuwa hashindwi mbio, aliposhindwa na ngamia wa bedui. Mtume hakuwakemea kwa kuumia. Aliwafahamisha kwamba kila kinachoinuka duniani, Mwenyezi Mungu hukishusha. Land Rover yetu ilikuwa imeinuka sana moyoni mwangu, nadhani hata zaidi ya yule mama aliyekaa ndani yake.

Limebaki la wenzangu. Ndani ya gari mlikuwa na magunia manne ya unga wa muhogo na madumu mawili ya mawese, mali ya watu, niliyopewa niyafikishe. Mwenye kushika amana ikipotea bila uzembe wake halipi. Mimi nilizembea, tena nikiwa nimeonywa. Kwa hiyo wenye magunia na madumu, msinisamehe kwa haya tu kwa kuwa ni mimi. Njooni leo baada ya alasiri, tukae barazani na mashahidi wawili, tuandike deni la kila mmoja kwa bei ya soko. Nitalipa kidogo kidogo kila mwezi, inshallah.

Na jeneza la leo, kwa kuwa gari halipo, tutalibeba mabegani. Wenye nguvu wasiondoke baada ya swala.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.